Kamba Itashikwa na Nani

Tarehe 9 Oktoba

Leo tumemaliza kupanda mpunga. Mgongo unaniuma. Nourdine, mume wangu, amekuja saa ya kula, akala, akasifu mistari, akapanda pikipiki yake akarudi dukani Kasongo. Ninaliandika hili ili siku ya wali mpya asijifanye mkulima.

Nitakaa huku bondeni, pande za Lusangi, kibandani, mpaka tuvune. Ninaandika kwa sababu redio imekufa na jirani niliye naye ni mmoja, Yaya Emilienne, ninayemwita yaya kwa kuwa ni kama dada yangu mkubwa. Shamba lake na langu yametenganishwa na mfereji tu. Yeye ni Mkatoliki, mimi ni Mwislamu, na kila mwaka tunalinda mpunga wetu pamoja. Akianza rozari yake jioni, hata nyoka aingie, hatanijibu.

Tarehe 14 Oktoba

Mvua.

Tarehe 15 Oktoba

Mvua tena. Paa linavuja pale pale Nourdine aliposema ameziba.

Tarehe 23 Oktoba

Nourdine amekuja na habari mdomoni hata kabla ya kuzima pikipiki.

"Kuna nchi rafiki inatuomba tuingie ndani ya mwavuli yao," akasema. "Iko mashini zinaona roketi ao droni ikingali mbali, zinaipiga kule kule juu. Mwezi wa pili wadepite watapiga kura Kinshasa, kuingia ao kukataa."

"Na mwavuli yenyewe inasimama wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye kilima chetu. Nilidhani ananitania, kama kawaida yake. Lakini hapana. Kilima kinaona mpaka Kabambare, wataalamu wamekipima, na mheshimiwa depite, mbunge wetu, atakuja kutuuliza sisi wakaaji maoni yetu.

"Kutuuliza sisi?" Yaya Emilienne alisema kutoka ng'ambo ya mfereji. Masikio yake ni makali, hata neno la siri linamfikia. "Tangu lini tunaulizwa kitu?"

Mimi sikuhitaji kuulizwa mara mbili. Kaka yangu Abedi alikuwa anauza vitambaa kwenye masoko ya mashariki. Mwaka jana droni iliangusha kitu sokoni, watu wakinunua mboga. Alirudi kwetu na mguu mmoja. Mpaka leo pikipiki ikipita kwa kelele anaingia chini ya meza, mwanaume mzima, halafu anatoka anajifanya anatafuta kiatu. Mwavuli wowote mtu atakaouleta, mimi nitaushika mpini.

Tarehe 6 Novemba

Tumetoka Kabambare kwenye mkutano na nimechoka, lakini nisipoandika leo nitasahau nani alisema nini.

Njia ilikuwa tope tupu. Mara tatu tulishuka kwenye pikipiki tukaisukuma, na Yaya Emilienne alifika na pagne yake, kitenge cha kanisani, imechafuka mpaka kiunoni. Watu walikuwa wengi: Waislamu wa mjini, wakulima, wachimbaji, mama wa sokoni. Mbele walikaa mheshimiwa depite, kapiteni mmoja kijana wa jeshi letu anayeitwa Raphaël, na fundi mzungu wa nchi rafiki pamoja na mkalimani wake.

Mheshimiwa alieleza vizuri, sitamsingizia. Tukiingia, alisema, tunapewa macho ya kuona mbali. Tusipoingia, majirani wataingia. Wengine walipinga, wakasema kilima chenye mashini kitatufanya tulengwe. Kelele zikaanza. Hapo nikajikuta nimesimama, na sikuwa nimepanga kusimama.

Niliwaambia bonde letu lina sheria moja. Mpunga ukikomaa, mashamba yote yanalindwa pamoja, asubuhi moja, kwa kelele moja. Wale wakifukuzwa kwa wote, wanatua kwa yule aliyekataa kulinda. Wanammaliza. "Na roketi ni vile vile," nikasema. "Wenzetu wote wakijilinda na sisi tukikaa mikono mitupu, zitatua wapi? Muende kumuuliza Abedi."

Walipiga makofi. Mheshimiwa aliniuliza jina na kulirudia mara mbili. Sitasema uongo, nilijisikia.

Niandike hapa kwamba "wale" hatuwataji jina tangu siku ya kupanda mpaka mpunga uingie ghalani. Ukiwataja, umewaita. Hata katika ukurasa huu siwaandiki. Wana mabawa, wanakuja kama wingu, na aliyewahi kulima mpunga hahitaji kuelezwa zaidi.

Halafu Yaya Emilienne akasimama na tope lake.

"Sisi kwenye shamba tunatundika makopo kwenye kamba," akasema. "Kamba zote zinafika kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu. Mwenye kukaa kwenye dungu ndiye anavuta. Mimi nauliza kitu kimoja. Kamba ya hii mashini itashikwa na nani?"

Mheshimiwa akamwangalia kapiteni, kapiteni akamwangalia mkalimani, mkalimani akasemezana na fundi. Jibu likarudi kwa njia ile ile. Mashini inajivuta yenyewe. Na kukiwa na shaka, yuko mtu anayeangalia kwenye kioo na kuamua.

"Huyo mutu iko wapi?"

"Kwao," mkalimani akasema.

"Kwao wapi?"

"Kwao, mama."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Mikono iliponyooshwa, ya kukubali ilikuwa mingi mno. Yaya Emilienne alikaa, mikono yake juu ya mapaja.

Tarehe 7 Novemba

Hajanisalimia.

Tarehe 8 Novemba

Amenisalimia. Ameniletea mihogo na kuniambia nina domo. Nikamwambia domo hili ndilo linalolinda shamba lake. Tumecheka.

Tarehe 19 Novemba

Sikuamini macho yangu. Asubuhi malori manane yamepita chini ya kilima, na mitambo ya kupasua njia mbele yao. Wadepite hawajapiga kura. Hata mwezi wa kura haujafika. Nilikimbia mpaka barabarani, nikamkuta Kapiteni Raphaël amesimama na kijitabu cha ramani.

"Kapiteni, si mulisema kura kwanza?"

"Ni majaribio tu, mama. Wakikataa, inaondolewa."

"Mashini yenye kubebwa na malori manane?"

Aliangalia viatu vyake. Ni kijana mwenye adabu, lakini leo nilitamani asingekuwa nayo, nimtukane vizuri. Yaya Emilienne alikuwa anapalilia. Aliinua kichwa, akayaangalia malori, akaendelea kupalilia.

Tarehe 27 Novemba

Wamewasha jenereta juu ya kilima. Inanguruma mchana kutwa.

Tarehe 3 Desemba

Mvua. Jenereta.

Tarehe 4 Desemba

Mvua. Jenereta. Nourdine anasema nitaizoea.

Tarehe 12 Desemba

Nimeizoea, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kapiteni Raphaël anashuka kila siku ya soko kununua ndizi. Leo alikaa kwenye gogo langu akaniambia alizaliwa kando ya mto, Nyangwe, baba yake ni mvuvi, na hajawahi kulima hata kiazi. Nilimwonyesha palizi. Alijaribu, akang'oa mpunga akaacha magugu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa nimemweka kwenye kundi moja na mheshimiwa, sasa naona ni mtoto wa watu aliyepewa kazi.

Tarehe 20 Desemba

Jambo dogo, lakini ngoja niliandike.

Kapiteni alishuka na fundi na mkalimani. Walituita wakulima wa bonde lote. Fundi alitaka kujua, kabla mashini haijaachiwa ifanye kazi yenyewe, kama kuna kitu chochote huku kinachopanda angani kwa wingi. Moshi, vumbi, chochote. Alisema wamekaa tangu Novemba wakiangalia na mbingu yetu ni safi.

Tulikuwa watu kama thelathini. Mpunga una mimba, sasa hivi unatafuta kutoa suke. Hakuna aliyefungua kinywa. Wazee waliangalia ardhi, wanawake wakaangalia ardhi. Nilimwona Yaya Emilienne anavuta pumzi, nikamshika mkono.

"Mama?" Kapiteni akaniuliza mimi.

"Moshi tu, tukichoma majani," nikasema.

Wakaandika moshi, wakashukuru, wakapanda kilima. Yaya Emilienne aliniuliza baadaye, taratibu, kama haikufaa tuwaambie.

"Utawataja wale leo, mpunga ukiwa na mimba?" nikamjibu. "Unataka bonde lote lituchukie?"

"Hapana," akasema. "Sitaki." Tukaenda kuchota maji.

Tarehe 1 Januari

Yaya Emilienne ameleta keki ya ndizi. Jenereta nayo imefanya sikukuu kwa kunguruma.

Tarehe 9 Januari

Suke zimetoka zote. Shamba la Yaya ni zuri kuliko langu, na anajua.

Tarehe 14 Januari

Ndani ya suke kuna maziwa. Tumefunga kamba na kutundika makopo. Dungu lake liko upande wa kilima, langu upande wa mfereji.

Tarehe 16 Januari

Wamekuja.

Tarehe 20 Januari

Siku tatu sikuandika kitu.

Tarehe 17 tulikubaliana, bonde zima, kwamba kesho yake ni siku ya kufukuza. Ndivyo tulivyofanya siku zote tangu tukiwa wasichana. Jua likichomoza kila mtu yuko kwenye dungu lake. Wa kwanza anavuta, wa pili anadaka, kelele inatembea shamba kwa shamba mpaka mwisho wa bonde. Wale wanainuka wote kwa pamoja, wanakuwa kitu kimoja cheusi, tunawasukuma juu ya kilima waingie msituni. Hatuwasukumi kwingine kwa sababu huko kwingine kuna mashamba.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka mashini. Ninaliandika kwa sababu mimi mwenyewe bado linanishangaza. Tulikuwa tunaisikia kila siku. Mimi nilikuwa ninaandika jina la jenereta ile mara kwa mara hapa. Na tulipanda kwenye madungu yetu, tukashika kamba zetu, mawazo yetu yote yakiwa kwenye mpunga.

Nilivuta. Yaya Emilienne alivuta. Nilimsikia akipiga kelele zake za kucheka, anapenda siku hiyo. Wakainuka. Wakapita juu ya kichwa changu, upepo wao ukanigusa uso, wakaelekea kilimani wakiwa wengi kuliko mwaka jana.

Kilima kikatoa moto. Kitu cheupe kikaruka, na cha pili kikakifuata, na mbingu ikapasuka juu ya shamba la Yaya Emilienne. Mlio wenyewe sikuusikia kama mlio. Kifua changu kiligongwa na nikajikuta chini matopeni, dungu langu limelala pembeni. Vipande vya chuma vilikuwa vinaanguka kwenye maji ya mfereji na kuchemka. Nao walikuwa wanaanguka pia, wadogo, wameungua, juu ya mpunga, juu yangu, ndani ya nguo zangu.

Ndege. Ninawaandika sasa. Ndege, ndege, ndege. Nani ataniambia nimewaita.

Dungu la Yaya Emilienne halikuwepo. Pembe ya shamba ilikuwa inaungua. Nilivuka mfereji bila kujua nimevuka, ninamwita, na nikamkuta amekaa katikati ya mpunga, kamba bado iko mkononi, imekatika. Damu ilikuwa inatoka masikioni, inashuka shingoni taratibu.

"Yaya, simama. Yaya, unanisikia?"

Aliniangalia mdomo. Halafu akasema kwa sauti kubwa sana, sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto: "Chadia mudogo wangu, kwa nini umenyamaza?"

Tarehe 23 Januari

Kasongo, hospitali. Daktari anasema masikio yote mawili. Hatasikia tena.

Anauliza kila saa kama mpunga wake unalindwa. Ninatikisa kichwa kukubali. Ni uongo. Tangu siku ile jeshi limetangaza marufuku: hakuna kufukuza ndege bondeni mpaka mashini irekebishwe. Shamba lake ndilo chakula cha nyumba yake mwaka mzima, na ndege wamerudi.

Tarehe 24 Januari

Abedi alikuja kumwona, na mkongojo wake. Nilitegemea atasema kitu dhidi ya mashini. Alikaa kando ya kitanda muda mrefu.

"Mimi bado nasema tuingie," akaniambia nje. "Unichukie kama unataka. Kilichoanguka sokoni hakikuwa ndege wa mpunga."

Nilimgeuzia mgongo. Halafu nikamfikiria chini ya ile meza, nikashindwa kumchukia. Lakini sikumpa mkono.

Tarehe 28 Januari

Watu wa uchunguzi wamekuja bondeni. Walisoma ripoti yao wamesimama kivulini, sisi juani. Mashini haikukosea, walisema. Ilifanya kama ilivyofundishwa. Kosa ni la wakaaji, ambao waliulizwa tarehe 20 Desemba kama kuna kitu kinachopanda angani wakaficha.

Wakaaji. Nilisikia joto likipanda mpaka kwenye nywele. Kwa sababu ni kweli tuliulizwa. Na mimi ndiye niliyejibu moshi, na mkono uliomzuia Yaya asiseme ni huu ninaoandikia. Hayo nimeyabeba na nitaendelea kuyabeba. Lakini nilisimama hata hivyo.

"Sawa, mutuandikie kosa letu," nikasema. "Sasa mutuambie lingine. Asubuhi ile, kamba ilishikwa na nani?"

Mkubwa wao akafunua karatasi.

"Mujibu mama," mzee mmoja akasema nyuma yangu.

"Mfumo ulijiendesha," akasema. "Na aliyekuwa kwenye kioo huko kwao alikuwa na sekunde chache. Akaruhusu."

"Anaitwa nani?"

"Hilo hatuna."

"Anajua mpunga ni nini?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Nilimtafuta Kapiteni Raphaël kwa macho. Alikuwa nyuma ya wote. Walipoondoka alinifuata mpaka mferejini, akasimama ng'ambo.

"Nilikuwa ninakunywa chai, mama," akasema. "Mkubwa wa kilima chote, na nilikuwa ninakunywa chai. Niliposikia mlio niliuliza askari wangu ni nani ametupiga."

Nikamuuliza kama angalau tunaweza kufukuza ndege kidogo kidogo. Akasema amri ni amri, mashini ingali inafanya kazi kama zamani, na yeye kitu pekee anachokishika kule juu ni ufunguo wa jenereta. Alisema hivyo akiangalia mpunga wa Yaya jinsi ulivyokaliwa na ndege.

Tarehe 2 Februari

Ndege wameshakula pembe yote ya juu ya shamba la Yaya.

Tarehe 3 Februari

Nourdine amekuja na hajarudi Kasongo. Amefunga duka. Amesimamisha dungu langu na kujenga upya la Yaya, vibaya, lakini yanasimama. Hajasifu mistari hata kidogo.

Tarehe 5 Februari

Yaya Emilienne amerudi kutoka hospitali. Alishuka kwenye pikipiki, akatembea moja kwa moja mpaka shambani, akasimama. Nilikuwa nimemdanganya kwa kichwa changu wiki nzima, na sasa aliona.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akaniuliza kwa ile sauti yake mpya kubwa: "Nani amekataza?"

Nikaonyesha kilima.

"Kesho," akasema. Bonde zima likamsikia.

Tarehe 6 Februari

Alfajiri niliomba mara mbili. Nilipanda dungu langu. Nourdine alikuwa chini, amekumbatia nguzo kama vile yeye ndiye anayeishikilia. Shamba kwa shamba niliona watu wamepanda, wote, hata walioapa hawatakuja. Yaya Emilienne alikuwa kwenye dungu lake, anafunga kamba mpya kwenye kiganja.

Hapo ndipo nikagundua kuna kitu kimepungua duniani. Nilichukua muda kukijua. Kilima kilikuwa kimya. Jenereta haikuwa inanguruma. Juu, kando ya uzio, mtu mmoja alikuwa amesimama peke yake, ameinua mkono mmoja, na mkononi kitu kidogo kinang'aa.

Nilitaka kumpigia Yaya kelele, nimwambie wamezima, vuta. Nikakumbuka. Hangesikia kuzimwa kwa jenereta, kama ambavyo hajasikia kunguruma kwake tangu siku ile. Alikuwa anataka kuvuta akiamini kabisa kwamba kile kitu juu kiko hai.

Akavuta. Makopo yakalia mpaka mwisho wa shamba, nami nikadaka, na jirani akadaka, na ndege wakainuka wote wakapita juu ya kilima wakaingia msituni. Hakuna kilichoruka.

Jenereta imewashwa tena jua lilipokuwa limepanda. Mchana gari la jeshi lilishuka na Kapiteni Raphaël ndani yake, kofia mapajani, hana mkanda, kama aliyekamatwa. Alipita karibu na shamba na hakugeuka. Wadepite wanapiga kura wiki ijayo. Nimemtumia mheshimiwa ujumbe kwamba yule mama ambaye yeye alirudia jina lake mara mbili amekunja mkono aliounyoosha mkutanoni. Hajajibu, na sitegemei.

Lakini ninachotaka kukumbuka ni kile cha asubuhi. Ndege walipokwisha kupita, Yaya Emilienne aliendelea kuvuta kamba, polepole, na kila akivuta ananiangalia. Nilichelewa kuelewa. Alikuwa anataka nimwambie kama makopo yanalia.

Akavuta. Nikamwitikia kwa kichwa. Akavuta tena.